Mtu wa Nane kwenye Laini ya Saa Sita

Saba walijibu, mashine ikasema nane.

Wengine wakisimulia habari hii huanzia kwenye moto, kwa sababu moto unawapa sifa. Mimi nitaanzia kwenye hesabu, kwa sababu nilikuwepo. Nilikuwa Columbus, hapa Marekani, jikoni kwangu, nimejifunga kitenge cha kulalia, simu ipo mezani nimeifungulia sauti, na nilisikia kwa masikio haya mawili. Asiyeamini, shauri yake.

Laini yenyewe ilikuwa ya sisi akina mama wa kazi za usiku. Huko Louisville, upande wa South End, kuna waliokuwa wanapanga maboksi kwenye maghala mpaka kunakucha. Columbus tulikuwa tunafunga nyama kwenye plastiki. Buffalo wengi walikuwa wanageuza wazee vitandani kwenye nyumba za kulelea wazee. Jumapili kanisani tunasinzia kuanzia wimbo wa kwanza, wachungaji wamechoka kutusema, ndipo Mwinjilisti Salvatori wa Louisville, mwenyewe mtu wa ghala, akaanzisha maombi ya simu. Kila Jumatano, saa sita mchana. Unapiga namba, mashine inakuambia utaje jina lako, unalitaja, kisha inalirudisha kwa sauti yako mwenyewe na kutangaza kwamba umeingia. Salvatori anaita majina, tunajibu "Amina, nipo", halafu anabonyeza kitufe mashine itoe hesabu.

Jumatano ile, Novemba 2015, alikibonyeza mara mbili.

"Tupo saba," alisema. "Mashine inasema nane. Mpendwa gani hajajibu?"

Halafu tukasikia maji yanadondoka, tone, tone, na nyuma yake mtu anavuta pumzi kwa shida.

"Nani ameacha maji wazi?" aliuliza Mama Kanyana, nabii wetu wa Columbus, ambaye hata Mungu akichelewa yeye hamngojei. "Funga maji, mama, tunaomba hapa!"

"Haiko kwangu," alisema mmoja. "Kwangu pia hapana," alisema mwingine. Ndipo Mukabutera wa Buffalo akasema kwa sauti ndogo, ya mtu anayeogopa kusikiwa ndani ya nyumba yake mwenyewe:

"Wapendwa, iko hapa kwangu. Haiko maji. Iko mtu."

Mukabutera ni mtu wa kwetu, wa milima ya Bijombo, Kivu Kusini. Si mwanamke wa kupiga makelele. Nimemjua tangu kambi ya wakimbizi na sijawahi kumsikia akikuza jambo. Mumewe ni Nkusi, mpakia malori, na binti yao ni Uwineza, wa miaka kumi na tano, ambaye ukimsalimia kwa Kiswahili anakujibu kwa Kiingereza, kama watoto wetu wote.

Nyumba yao iko Black Rock, hukohuko Buffalo, karibu na mto, mtaa wa nyumba za mbao zilizochoka ambazo watu wetu walikuwa wanazinunua moja baada ya nyingine. Nkusi aliinunua kwa jasho la miaka saba. Msimcheke kwa jinsi alivyoipenda. Mtu aliyechomewa nyumba mara tatu kabla hajafika miaka thelathini, siku akipewa ufunguo atalala nao. Nkusi alitembea anazigusa kuta kwa kiganja. Aliyemuuzia alikuwa mzee wa kizungu, mpole, ambaye barua zake zilikuwa bado zinakuja pale, kwa hiyo kila wiki alipita kuzichukua. Walimwita Mzee wa Barua. Alileta nyanya za bustani yake ndani ya mfuko wa karatasi, na Nkusi alisema huyo ni mzungu wa Mungu.

Basi, Mukabutera alikuwa anarudi kutoka kazini asubuhi, analala mchana, nyumba ikiwa tupu. Kwanza ilikuwa harufu. Majani mabichi, yaliyokatwa sasa hivi, yenye utamu ndani yake, na huko nje miti yote imekwisha kupukutika. Alifungua madirisha, akapika vitunguu, harufu ikakaa palepale. Chini yake kulikuwa na harufu ya pili, ya tope la mtoni na nywele zisizokauka. Kisha kukaja mkwaruzo kutoka bezimenti, kile chumba cha chini ya nyumba, upande wa tanuru la kupashia joto. Alifikiri ni panya. Akaweka mtego, mtego haukushika kitu, ila kila saa sita mchana aliukuta umegeuzwa kuelekea ukutani.

"Mama Uwineza, weye haulale," Nkusi alimwambia. "Mtu asiyelala anasikia mpaka mchwa."

Lakini mchwa hawakai kitandani. Siku moja alikuwa amelala ubavu, uso ukutani, jua la mchana limejaa chumbani, watoto wa jirani wanacheza mpira nje, na akasikia godoro linazama nyuma yake polepole kama anavyokaa mtu mwenye adabu, asiyetaka kuamsha mgonjwa, na ubaridi ukapanda mgongoni kupitia blanketi mbili, na harufu ya majani ikawa nzito, na yeye akafumba macho akaanza Baba Yetu lakini maneno yakamponyoka, akabaki anarudia "uliye, uliye, uliye", huku nyuma yake kitu kile kinavuta pumzi, kinaanza neno, kinashindwa, kinaanza tena, mpaka mlango wa mbele ukagongwa na Uwineza akaingia akiuliza kuna nini cha kula.

Hayo yote alitueleza kwenye laini, ananong'ona, na maji yanadondoka.

Salvatori hakungoja amalize. Mwinjilisti huyo ana sauti, nimpe haki yake.

"Wewe pepo unayemsumbua mama huyu! Kwa jina la Yesu, sema jina lako!"

"Sema!" tukaitikia, miji mitatu.

"Sema jina lako utoke!"

Mashine ikalia ule mlio wake wa kupokea mtu mpya. Tukasikia sauti ya mwanamke. Si mzee. Sauti kavu, ya mtu ambaye hajaongea siku nyingi, lakini ilitamka wazi, herufi zote mahali pake.

"Coralee Jimerson."

Na mashine ikamalizia, kwa upole wake uleule, kwamba ameingia.

Sitawadanganya, nilikimbilia bafuni na kitenge kikabaki jikoni. Louisville mtu aliangusha sufuria. Salvatori alikuwa anapiga kelele "Ashindwe! Ashindwe!" na Mama Kanyana amekwisha kupanda katika roho. "Ni jini wa mto!" alilia. "Naona ukuta! Naona mfuko nyuma ya ukuta! Wamefunga naye mkataba humo! Vunjeni, mchome kwa moto!" Na hapa niseme ukweli, ukuta aliuona. Alichokosea ni kile kilichokuwemo.

Kwetu kuna utaratibu. Pepo akitaja jina, unaliandika kwenye karatasi, unalikemea, unachana karatasi. Mukabutera aliliandika nyuma ya bahasha ya bili ya gesi. Hakuichana.

"Mtumishi," aliuliza baadaye, tulipotulia. "Nisaidie. Jini gani iko na jina ya kwanza na jina ya ukoo?"

"Shetani ni mjanja, Mama," Salvatori alimjibu.

Ijumaa jioni Salvatori alitoka Louisville na gari yake, akatupitia Columbus mimi na Mama Kanyana, na Jumamosi kabla ya adhuhuri tulikuwa Black Rock. Tulishuka bezimenti tukiimba. Nkusi alikuwa na nyundo na mtaimbo, na nilimwona anavyoumia kuung'oa ubao wa nyumba yake, lakini aliung'oa. Nyuma ya ubao, pembeni ya tanuru, kulikuwa na mfuko mweusi wa plastiki. Ndani mlikuwa na sketi nyekundu yenye utepe wa rangi nne ulioshonwa kwenye pindo, mstari juu ya mstari, kazi safi. Kulikuwa na kiatu kimoja. Na kulikuwa na kifuko kidogo cha ngozi laini, chenye kamba ya kuvaa shingoni, kimejaa shanga ndogondogo zilizopangwa kwa umbo la maua.

"Hirizi!" alipiga kelele Mama Kanyana. "Msishike na mikono!"

Hilo tumelelewa nalo. Ngozi, shanga, kamba ya shingoni: kwetu mlokole akiona kitu hicho haulizi cha nani, anatafuta kiberiti. Tulivibeba kwa glavu za kuoshea vyombo mpaka uani, tukavitia kwenye jiko la kuchomea nyama, Nkusi akamwaga mafuta na kuwasha. Ile nguo haikutaka kuwaka. Ilijikunja kwanza, ikatoa moshi mweupe wenye harufu ileile ya majani, kisha ikashika. Tuliimba mpaka sauti zikakauka. Na mimi niliimba. Nisijitoe.

Mzee wa Barua alikuwa amesimama kwenye ua na barua zake mkononi. Sijui alifika saa ngapi. Aliuliza tunachoma nini, na Nkusi akamweleza kwa Kiingereza chake: nguo na shanga, vitu vibaya tulivyovikuta ukutani.

"Vyote?" mzee aliuliza.

"Vyote. Imebaki majivu tu."

"Vizuri," alisema. "Mmefanya vizuri." Na kesho yake, Jumapili, alituletea keki kubwa ya chokoleti, ya shukrani, alisema, kwa kuitunza nyumba. Tuliikata mezani baada ya ibada. Tulikula sote isipokuwa Uwineza, aliyesema hana njaa.

Nyumba ilinyamaza. Jumatano tulikuwa saba, mashine ikasema saba, Salvatori akatoa ushuhuda kwa dakika arobaini. Wengine walilia kwa furaha. Mukabutera peke yake alinipigia pembeni.

"Dada, nalala vizuri," alisema. "Lakini sina amani. Iko kama nimefukuza mtu hajamaliza kusema."

"Acha hayo," nilimwambia. Ndiyo ushauri wangu huo, mimi mwenye hekima.

Wiki iliyofuata mashine yao ya kufulia iliharibika, akapeleka nguo kwenye duka la kufulia la mtaani akiwa na Uwineza. Kwenye ubao wa matangazo, kati ya karatasi za wauza magari na walezi wa watoto, kulikuwa na tangazo lililopaushwa na jua. Picha ya msichana anacheka. Sketi nyekundu yenye utepe rangi nne. Kifuko cha shanga shingoni. Mukabutera hasomi Kiingereza cha kutosha, ila majina mawili yaliyokuwa chini ya picha aliyajua, kwa sababu aliyaandika kwa mkono wake.

"Uwineza," alisema, "soma."

Mtoto alisoma, kisha akageuza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. Coralee Jimerson, miaka ishirini na nne. Mtu wa kabila la Seneca, wa Cattaraugus. Alionekana mara ya mwisho Black Rock, mwezi wa kumi, 2006. Mama yake bado anamtafuta. Ukijua kitu, piga namba hii.

"Mom, ni sisi tulichoma nguo yake," Uwineza alisema.

Hawa Seneca ndio wenyeji wenyewe wa pale, kabla ya mzungu, kabla ya mtu yeyote. Sisi kwenye mafundisho ya kambini, kabla ya kuletwa Marekani, tulionyeshwa picha ya bata mzinga, tukaambiwa kuna Wahindi wekundu waliowalisha wazungu wa kwanza, na mwalimu aliongea kana kwamba walikwisha kufa wote. Hakuna aliyetuambia wapo, wana nyumba na magari na mama zao, huko Cattaraugus, mwendo wa dakika arobaini kutoka Black Rock. Hakuna aliyetuambia kwamba mabinti zao wanapotea na hawatafutwi. Hilo lingetuingia haraka, maana tunalijua.

Mukabutera alikuwa na mdogo wake, Nyirabeza. Mwaka tisini na nane alitoka kwenda sokoni na debe la maharage, wanaume wenye bunduki wakamkuta njiani, na huo ndio mwisho wa habari yake. Hapakuwa na maiti, kwa hiyo hapakuwa na matanga. Mama yao alikufa bado anauliza wapita njia.

Jioni ile Mukabutera alimwekea Nkusi tangazo mbele ya sahani. Walibishana kwa kunong'ona ili mtoto asisikie, na mtoto alikuwa kwenye ngazi anasikia yote.

"Hapana," Nkusi alisema. "Bon, sikiliza. Polisi watakuja. Watauliza nani alichoma? Ni miye. Watavunja nyumba. Na sisi wakimbizi, donc nani atatuamini? Utawaambia nini, jini alikupigia simu?"

"Nitawaambia vile ilikuwa."

"Mama Uwineza, hii nyumba ni ya kwanza hakuna mtu anatufukuza ndani. Tusiguse mambo ya watu."

"Na Nyirabeza?" alimuuliza. "Iko mtu kule kwetu anajua fasi alilala. Iko mtu na mke wake, wanakula kwa meza kama sisi, na yule mke anamwambia bwana yake: tusiguse mambo ya watu."

Jumamosi Nkusi alinunua ubao mpya, akashuka bezimenti peke yake saa sita mchana kuuziba ukuta. Alitaka jambo liishe. Mukabutera alikuwa jikoni, amesimama penye mlango wa ngazi ya bezimenti, na yeye ndiye aliyenisimulia, na baadaye Nkusi mwenyewe hakukanusha hata neno.

Nkusi alipiga msumari wa kwanza, mapigo matatu, na kutoka nyuma ya ubao kukajibiwa, mapigo matatu. Akasimama. Akapiga moja, kukajibiwa moja. Akasema kwa sauti ya kukauka, "Nani?" na harufu ya majani ikashuka juu yake yote kwa mara moja, harufu ambayo siku zote alimcheka mkewe kwa kuisema, na mapigo yakaanza tena bila yeye kugusa nyundo, yakitoka ukutani, yakishuka chini ya ubao, yakiingia sakafuni, yakipita chini ya viatu vyake mpaka akayasikia kwenye magoti, yakienda polepole, hatua kwa hatua, kama mtu anayemwongoza kipofu kwa fimbo, yakalizunguka tanuru, yakafika kwenye kona ambako saruji ilikuwa na rangi tofauti kidogo na nyingine, na hapo yakasimama yakawa yanagonga mahali pamoja tu, pamoja tu, pamoja tu, mpaka nyundo ikamtoka mkononi na akapanda ngazi kwa mikono na miguu.

Alikaa kwenye sakafu ya jikoni.

"Haiko jini," alisema.

"Nilijua," Mukabutera alisema.

"Piga simu," alisema Nkusi.

Uwineza ndiye aliyepiga. Hakuwapigia polisi kwanza, alipiga ile namba ya chini ya picha, na mwanamke mmoja akaitika kabla simu haijalia mara ya pili. Miaka tisa, na bado anaitika hivyo.

Alikuja siku ileile, akiendeshwa na mpwa wake. Mwanamke mnene wa makamo, nywele za mvi zimesukwa nyuma, koti la kiume. Mukabutera alimpokea mlangoni kwa mikono miwili na kumwita vile sisi tunavyomwita mwanamke yeyote mwenye mtoto.

"Karibu, Mama Coralee."

Mgeni alimtazama binti. Uwineza akamweleza kwamba kwetu mama anaitwa kwa jina la mtoto wake, ni heshima. Yule mwanamke alisimama pale mlangoni kwa muda, koti limefunguka, baridi inaingia. Alisema hakuna mtu aliyemwita hivyo tangu 2006. Alisema afisa aliyemwandikia taarifa siku zile alimwambia wasichana wa kwao hulewa na kuzurura, atarudi mwenyewe.

Nkusi alikuwa amesimama katikati ya sebule kama mwanafunzi mbele ya mwalimu. "Mwambie," alimwambia bintiye. "Mwambie tulikuta nguo yake na kifuko. Tulifikiri ni vitu vya shetani. Mwambie ni miye niliwasha kiberiti."

Uwineza alitafsiri akilia. Mama Coralee hakupiga kelele, na Mukabutera anasema afadhali angepiga. Aliomba aonyeshwe jiko. Pale uani, kwenye majivu yaliyoloa mvua, alipiga magoti, akavua glavu, akaanza kupekua. Shanga za kioo hazikuwa zimeungua zote. Nyingine zilikuwa zimeshikana, nyingine nzima. Aliziweka moja moja kwenye kiganja cha mpwa wake. Alisema alizishona mwenyewe alipokuwa na mimba ya Coralee, na kwamba ndani ya kifuko alitia majani ya kwao yenye harufu tamu, ya kumlinda njiani.

Mukabutera alipiga magoti naye, akapekua. Kisha Nkusi naye. Waliondoka pale giza lilipoingia, vidole vyeusi.

Polisi walikuja Jumatatu. Safari hii kulikuwa na afisa mwanamke, aliyesikiliza habari ya laini na ya mapigo bila kucheka, akaandika "mashahidi waliingiwa na wasiwasi", akaomba aonyeshwe ile kona. Walivunja saruji siku nzima. Nilikuwa nimerudi Buffalo na Salvatori, na yeye alisimama nje kwenye baridi kofia mkononi. Kabla ya magharibi walimtoa Coralee. Alikuwa mfupi kuliko alivyoonekana pichani. Mama yake alimfunika mwenyewe na blanketi aliyokuja nayo, na wanawake wa kwao waliokuja na magari matatu wakaimba kwa lugha yao, chini kwa chini, nasi tukawasikiliza. Usiku huohuo Mzee wa Barua alichukuliwa nyumbani kwake, mitaa sita tu kutoka pale.

Niliwaza yameisha. Mukabutera naye aliwaza hivyo. Asubuhi ya Jumanne tulirudi pale, sisi na Nkusi na Uwineza na Salvatori, kuchukua nguo za Uwineza za shule, polisi wawili wakiwa mlangoni, Mama Coralee akiwa amekuja kumwaga tumbaku ya kwao, ya maombi, kwenye ile kona. Tulikuwa jikoni, mimi na Mukabutera, tunafunga mabegi. Aliacha mkono kwenye zipu.

"Unasikia?" aliniuliza.

Nilisikia. Chini ya jiko la kupikia, taratibu, moja, moja, moja. Na kutoka upande wa chumba cha kulala, mbali kidogo, mapigo mengine yasiyofanana na haya. Nilimshika mkono. Hapakuwa na harufu ya majani mahali popote, tope tu.

"Lakini ameshatoka," nilinong'ona. "Tumemwona akitoka."

Yule afisa mwanamke aliingia kwa mlango wa uani. Uso wake ulikuwa wa mtu asiyelala. Alimwomba Uwineza aketi, kisha akabadili mawazo, akasema hapana, hilo si la kumpa mtoto atafsiri. Mpwa wa Mama Coralee akaja, naye afisa akaongea polepole kwa Kiingereza chepesi ili hata sisi tuelewe. Usiku alikuwa amekaa na yule mzee kwenye chumba cha mahojiano. Mzee hakutaka kusema lolote. Mwishoni afisa alimwambia: tumempata msichana aliyekuwa chini ya nyumba.

"Akanitazama," afisa alisema. "Akaniuliza: yupi?"

Mama Coralee alivuta kiti akakaa. Alisema yeye haondoki. Binti yake atamngoja siku mbili tatu, ameshazoea kungoja, lakini hawa wengine nao wana mama zao, na hao mama wanaitika simu hata sasa.

Afisa alimgeukia Nkusi. Alimweleza kwamba itabidi wang'oe sakafu ya jikoni, na ya vyumba, labda na uani kote, na kwamba nyumba haitafaa tena kukaliwa. Sheria inawaruhusu, alisema, ila alitaka kulisikia kutoka kwake.

Nkusi aliweka kiganja ukutani, kama alivyozoea. Chini ya miguu yetu kulikuwa kunagongwa.

"Vunjeni," alisema.

Akashika meza ya jikoni upande mmoja, akamwita Salvatori ashike upande wa pili.